Aliyekataa Chai ya Kadidja

Jumatatu asubuhi, kabla mtu hajafungua kabati wala kujibu barua, watu wa biro ile ya Gitega, ofisi ya watoto waliopotea vitani, walikaa kwenye kioo. Hakikuwa kioo cha kujitazamia sura. Ndivyo walivyokiita kikao chao cha kujihoji juu ya kazi. Mwalimu mmoja wa kike alipanda kutoka Bujumbura mwaka ule vikwazo vya nchi jirani vilipoanza kubana, wakati sabuni ilipokuwa ikiuzwa kwa vipande, akawafundisha kikao hicho. Aliwaambia kwamba anayeshika maisha ya watu wengine asikimbie mbele tu kama mtu anayefukuzwa na mvua. Asimame, ageuke, atazame alikopita. Kilitokea nini hasa? Mi mwenyewe nilihisi nini? Kwa nini mambo yalikwenda vile? Na kesho nitafanya nini? Mwenye kisa anasimulia, wenzake wanauliza. Kuhukumu hakuruhusiwi.

Mwalimu alirudi zake, na kioo kikabaki mikononi mwa Mustafa, shefu, mkuu wa biro. Mustafa hakuwa mtu mbaya. Shati lake lilikuwa na mistari ya pasi hata siku umeme ulipokatika, na hakuna aliyejua alilipigaje. Ila alipenda mambo yaliyofungwa. Faili wazi lilimuwasha kama upupu. Basi polepole akakigeuza kioo kikawa korti: unasimama, unataja kosa lako, yeye anatikisa kichwa, faili linafungwa, anayefuata.

Jumatatu hiyo anayefuata alikuwa Swabra.

Swabra alizaliwa pale pale Gitega, mtaa wa Waswahili, binti wa fundi cherehani. Alikuwa asistanti sosiali, na kazi yake ilikuwa kuwatafutia jamaa zao watoto waliopotezana nao katika vita. Alitembea sana, kisigino kimoja cha kiatu kikiisha kabla ya kingine, na kichwani hakukosa kitambaa kilichofungwa kwa nyuma, ncha zake zimechomekwa vizuri. Mtoto wake wa wakati huo, kwa maana ya kazi, alikuwa Yasmina, kiasi cha miaka sita, aliyeokotwa Mutaho baada ya wazazi wake kuuawa. Jamaa aliyebaki ni mmoja tu, shangazi yake Kadidja, dada wa baba, mjane anayekaa Muyinga. Swabra alikuwa amekwenda kumwona, na Kadidja alikuwa amemkataa mtoto.

"Ya Yasmina tuimalize leo," Mustafa akasema. "Shangazi kakataa. Taja ulipokosea, tufunge. Wiki ijayo kuna gari la kuteremsha watoto kwenye kituo cha yatima kule Bujumbura. Na yeye atashuka nao."

"Nilikosea wapi, shefu?"

"Si mi wa kujua. Kioo ni chako."

Dirishani alikaa Amisa, mwenzao mtu mzima, mnene, mwenye tabia ya kumenya karanga kwenye mapaja wakati wenzake wanazungumza. Akapangusa maganda. "Bon, asimulie basi. Mi sijasikia."

"Umesikia. Shangazi kasema hataki."

"Huo ni mwisho, shefu. Mi nataka mwanzo."

Mustafa akatazama saa ya ukutani, akanyoosha mkono kumruhusu.

Swabra akasimulia. Yeye na dereva walifika Muyinga na gari jeupe la biro, wakalisimamisha mbele ya mlango, na majirani wakajaa kama kawaida, maana gari jeupe halipiti bure. Kadidja alikuwa akikaanga maandazi barazani. Ndiyo kazi yake, maandazi na chai. Alifuta benchi kwa pindo la kitenge, akamkaribisha. Alipoambiwa kwamba mtoto wa kaka yake yuko hai, alikaa chini palepale karibu na sufuria ya mafuta, huku anacheka, huku analia. Akauliza kama Yasmina bado ana kovu la kidevuni. Akauliza kama anakula maharagwe, kwa sababu alipokuwa mdogo alikuwa anayatema. Akatoka pale mbio kwenda kumchemshia mgeni chai.

"Halafu?"

"Halafu uso wake ukafunga. Akasema simtaki, mpelekeni mnapowapeleka wengine. Akageuza maandazi yake. Hakunitazama tena."

"Ngoja," Amisa akasema. Mkono wenye karanga ulisimama njiani. "Amekwenda jikoni analia kwa furaha, na sasa mtoto hamtaki. Hapo katikati kuna nini?"

"Hakuna kitu. Kuna chai tu."

"Chai ilikuwaje?"

Swabra akaiona tena. Ilikuwa ya tangawizi, rangi yake imekolea vizuri, kwenye kikombe cha bati chenye ukingo wa buluu, na kisahani chake juu, kwa heshima. Akaeleza hayo yote. Akaeleza kwamba Kadidja aliondoa kisahani, akaonja kidogo, akampa.

"Alionja mbele ya watu?"

"Mbele ya watu wote."

"Na we?"

Swabra akainua macho. Ukutani, juu ya kichwa cha Mustafa, zilibandikwa sheria za biro, na mojawapo ilisema mfanyakazi asile wala asinywe nyumbani kwa familia. "Niliweka kikombe kwenye benchi," akasema. "Nikasema asante, niko kazini."

Amisa akarudisha karanga mapajani. Katika nchi ile, tangu enzi za mabibi, mwenyeji huonja kinywaji kwanza machoni pa mgeni. Maana yake: tazama, hamna sumu, kama ni kufa tunakufa wote. Mgeni naye hupokea, anywe hata tone. Anayekiweka chini kikombe kilichoonjwa amesema neno moja tu, na neno hilo ni zito. Amesema, we ni mlozi. Swabra alilijua hilo kabla hajajua kuhesabu. Lakini alipovaa beji ya biro alilivua bila kujua, kama mtu anavyoacha viatu mlangoni, akakaa kwenye benchi la mjane kama mtu wa mbali.

Moto ukampanda kutoka shingoni. "Yoo, mama," akasema taratibu. "Nimemtukana mbele ya mtaa wake."

"Basi, umelipata kosa," Mustafa akasema, akifungua kalamu. "Ulishukuru vibaya. Ungetumia maneno laini zaidi."

"Si maneno, shefu. Ni kikombe. Na aliyeniambia nikiache ni biro. Kioo hiki kinaonyesha watu wawili."

"Kioo ni cha mfanyakazi. Sheria haikai kwenye kioo."

"Kioo kinachochagua uso wa kuonyesha siyo kioo," Swabra akasema. "Hiyo ni picha. Tutundike ukutani, tuitazame, twende nyumbani."

Amisa akakohoa, ganda la karanga au kicheko, haikujulikana. Mustafa akaweka kalamu chini. "Sikiliza, Swabra. Sheria ile haikuandikwa na mtu aliyekuwa hana kazi. Juma mnamkumbuka, mliokuwa hapa. Alikunywa kwa watu huko Nyarusange, tukamzika. Sumu ama siyo sumu, mi ndiye niliyeinua jeneza. Sitainua jingine."

Hilo lilikuwa kweli. Swabra akainamisha kichwa. Kisha akasema, "Shefu, Mungu amrehemu Juma. Lakini swali la nne bado hujaniuliza. Kesho nitafanya nini."

"Haya. Utafanya nini?"

"Nitarudi Muyinga kunywa chai."

"Gari halina mafuta."

"Sikuomba gari."

Siku yake ya mapumziko akapanda lori, kamyo la Karmali, mfanyabiashara wa Gitega aliyekuwa akipeleka chumvi kwenye duka lake la Muyinga. Magari yalisubiriana, yakatoka kwa mstari, askari mbele na askari nyuma, yakapita Karuzi bila hata moja kuthubutu kusimama, kwa hofu ya waviziaji. Swabra alikaa juu ya magunia, kitambaa amekivuta mpaka puani kwa ajili ya vumbi. Hakuna aliyezungumza mpaka vibanda vya kwanza vya Muyinga vilipoonekana. Hapo ndipo kila mtu akakumbuka ana mdomo.

Duka la Karmali lilikuwa likiendeshwa na mama yake, bibi Monghibai, mjane wa siku nyingi aliyezaliwa Muyinga na asiyetaka kuzikwa pengine. Lilitazamana na nyumba ya Kadidja, barabara tu katikati. Swabra alikuwa hajamaliza kujipangusa vumbi, sauti ikatoka nyuma ya mizani.

"We ndiye yule wa gari jeupe. Uliyekataa chai."

"Ndiye mimi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Mji mzima unajua." Bibi akasukuma miwani juu ya pua. "Unajua mume wa huyu mwanamke alikufaje?"

"Sijui."

"Houssein, mchinjaji. Alikula jioni, asubuhi hakuamka. Daktari kasema ini. Watu wakasema sahani. Maandazi yake yakaanza kulala kwenye beseni. Hata mi, nisikudanganye, nilikuwa natuma kununua kwa sababu ni jirani, halafu sili, nawapa kuku. Kuku hawakufa. Nikaona aibu mbele ya kuku, nikaanza kula." Akamkazia Swabra jicho lake moja lililokuwa zima. "Watu walikuwa wameanza kurudi, mmoja mmoja. Ukaja we na beji yako, ukaweka kikombe chini. Sasa wanasema lisemwalo lipo. Hata biro inajua."

Swabra akavuka barabara.

Kadidja alikuwa palepale, nyuma ya sufuria, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mikono yenye alama za mafuta ya moto. Beseni la maandazi lilikuwa limejaa, na jua lilikuwa limeshapanda. Ni saa ambayo beseni la muuza maandazi linatakiwa liwe na makombo tu.

"Karibu," akasema bila kuinua macho. "Gari iko wapi leo, madamu?"

"Nimekuja na chumvi ya Karmali."

"Basi umekolea."

"Da Kadidja, nimekuja kuomba chai."

"Chai nauza. Kaa hapo na wateja." Benchi lilikuwa tupu.

"Si ya kununua. Ile niliyoiacha."

"Ile niliimwaga. Chai hailali." Akageuza andazi, akageuza jingine, yote bado hayajawa mekundu. Kisha akaweka mwiko chini. "Unajua ulinifanyia nini?"

"Najua."

"Unajua kwa kichwa. Sikiliza nikwambie kwa tumbo. Mtoto akija hapa, mvua ya kwanza ikinyesha, anaugua. Watoto wote wa Muyinga wanaugua malaria, si ndiyo? Ya kwao inaitwa malaria. Ya wangu itaitwa Kadidja. Watasema kamaliza mume, sasa yuko kwenye damu ya kaka yake. Nikiwa jikoni na chai yako nilikuwa nawaza nitamlaza wapi, nimvalishe nini. Nikakupa kikombe, nikaona mkono wako unakiweka chini. Nikasema bon, kama hata huyu aliyesoma, Mwislamu mwenzangu, ananiogopa, nani atasimama na mi siku mtoto akipata homa? Huko Bujumbura akiugua ataugua tu, atatibiwa. Nilimkataa ili aishi. We ukaenda kuandika hapendwi."

Swabra hakusema pole. Aliona pole ingekuwa ndogo, kama kumpa mtu aliyeunguliwa nyumba kibiriti kipya. Akasema, "Nipe chai. Hapa barazani, siyo ndani."

Wanawake waliokuwa wakichota maji kwenye bomba la mtaa walikuwa wameacha ndoo zijae na kumwagika. Kadidja akawaona. Akaingia ndani, akatoka na kikombe, akamimina mpaka kikafurika, akakisukuma juu ya benchi.

Hakuonja.

"Leo sionji," akasema, na sauti yake ikafika bombani. "Nimeonja kwa ajili ya watu wa mji huu mpaka ulimi umeota sugu. Unataka kunywa, kunywa. Hutaki, kamyo la Karmali linarudi."

Swabra alishika kikombe. Hapo ndipo alipojiuliza swali la pili la kioo, lile alilozoea kuliruka: mi nahisi nini? Alihisi hofu. Haikuwa ya sheria wala ya Mustafa. Ilikuwa hofu ya zamani, aliyolishwa pamoja na uji, ikimwambia kitu kisichoonjwa hakinywewi. Alimjua Juma. Alikuwa mazikoni. Akanywa. Akanywa mpaka akaona bati la chini, na vipande vya tangawizi vikambakia kwenye meno.

"Ongeza," akasema.

Kadidja akamtazama kwa muda. "Umeogopa."

"Nimeogopa."

"Vizuri. Ungesema hukuogopa ningekufukuza." Akaongeza, akachukua andazi la moto, akalivunja vipande viwili, akala kimoja. Kilichobaki akakiweka mkononi mwa Swabra. "Mlete mtoto. Lakini siku akiugua, usinitumie salamu na dereva. Nataka mwili wako uwe hapa, watu wakuone."

"Utaniona."

Bombani mtu alisema kitu, mwingine akacheka. Kadidja akageukia huko. "Na nyie ndoo zenu zimejaa zamani," akasema. "Au mnasubiri aanguke? Leteni mikeka basi, msichoke."

Jumatatu Swabra hakungoja aitwe. "Nimekunywa," akasema, akiwa bado hajakaa. "Vikombe viwili, na andazi. Nimevunja sheria ya biro, shefu, andika. Andika pia kwamba mtoto ana shangazi anayemtaka."

Mustafa alimtazama macho, midomo, mikono, kama anayetafuta dalili. Alikuwa amefurahi kumwona mzima, na hiyo ndiyo iliyomuudhi. "Na mtoto akiugua kule?"

"Watoto huugua, shefu," Amisa akasema. "Hata wako. Wiki jana ulichelewa kwa sababu ya tumbo la nani?"

"Mtoto wangu hayuko kwenye faili." Akamgeukia Swabra. "Nitasaini. Lakini nakwambia mbele ya hawa. Akiugua mikononi mwa yule mama, na watu wakaanza kusema, biro haitabeba. Kazi utakuwa umeiacha mwenyewe."

Nyumbani kwa Swabra kulikuwa na mama yake asiyeona vizuri na watoto wawili, na mume aliyekwenda kutafuta maisha upande wa Tanzania, habari zake zikawa haba. Mshahara ule ndio uliokuwa unga. Kila mtu mle chumbani alijua. "Saini," akasema.

Yasmina alisafiri na mdomo umefungwa, mfuko wake wa nguo mapajani. Walipofika Karuzi ndipo alipouliza swali lake moja. "Shangazi ana kuku?"

"Jirani yake anao."

"Wanauma?"

"Hawa wamezoea maandazi," Swabra akasema, na mtoto akalifikiria jambo hilo mpaka Muyinga.

Kadidja alikuwa amevaa kitenge cha Iddi. Hakumkimbilia mtoto. Alichuchumaa mbali kidogo, mikono magotini, akangoja, kama mtu anayengoja ndege atue. Yasmina akamzunguka, akamtazama upande, akatazama sufuria. Halafu akaenda kukaa karibu na mguu wake, bila kumgusa. Kadidja akamwekea andazi kwenye kisahani, akaendelea na kazi. Machozi yalimshuka, akayaacha yashuke. Mikono ilikuwa na unga.

Mvua zikaja. Swabra alipokwenda kuwatazama mara ya kwanza alikuta mtoto amenenepa mashavu na anajibizana na bibi Monghibai juu ya kuku. Mara ya pili gari la biro lilimshusha njia panda, likaendelea kwenye familia nyingine, naye akaingia mtaani kwa miguu akikwepa madimbwi. Sufuria ya Kadidja haikuwa barazani.

Ndani, Yasmina alikuwa kitandani, macho yanang'aa vibaya, meno yanagongana. Kadidja alikuwa anamkanda kwa kitambaa cha maji.

"Tangu lini?"

"Alfajiri. Nilikuwa namvalisha nguo za joto tuende hospitali. Umekuja wakati wake."

Swabra akaweka kiganja kwenye paji la uso la mtoto. Lilikuwa kama mgongo wa sufuria. Akachungulia dirishani: soko lilikuwa limejaa, ni siku ya gulio, na hospitali iko ng'ambo ya soko. Maneno yakamtoka kabla hajayapima. "Tupite nyuma, da Kadidja. Tuzunguke kwenye mashamba ya kahawa. Hakuna haja ya watu kuona. Tusiwape la kusema."

Kadidja akaacha kukanda. "Rudia."

Swabra hakurudia. Alisimama na mkono kwenye pazia, na maswali yale yakamjia yenyewe, bila kikao, bila Amisa. Umesema nini sasa hivi? Umesema mtoto mgonjwa azungushwe njia ndefu. Umehisi nini? Umeona unga unakwisha nyumbani. Kwa nini? Jibu lilikuwa fupi na la aibu. Alikuwa ameweka kikombe chini kwa mara nyingine.

"Nimeogopea kazi yangu," akasema.

"Kazi yako ni ipi?"

"Ni huyu."

"Basi nishikie mfuko." Kadidja akainama, akamtupa mtoto mgongoni kwa kipimo kile cha wanawake kisichokosea, akamfunga kwa kitenge, akakaza fundo kifuani. "Njia ya nyuma ni ndefu na mtoto anachemka. Tunapita sokoni. Katikati."

Wakapita katikati. Mvua ilikuwa imeacha matone kwenye maturubai, na wauza ndizi, wauza dagaa, wauza viatu vya mtumba wakainua vichwa. Ukimya uliwafuata kama mbwa. Swabra aliivuta beji yake juu ya nguo ili ionekane vizuri, akatembea ubavuni, bega kwa bega. Kadidja hakuinamisha uso. Kila aliyewahi kumpita bila salamu, yeye alimsalimia kwa jina.

"Salama, mama Faridi. Mtoto wa kaka yangu ana homa, nampeleka hospitali. Una la kusema? Sema sasa niko mbele yako. Nikishapita utakuwa umechelewa."

Mama Faridi, muuza dagaa, mwanamke mwenye ulimi mrefu kuliko soko lenyewe, akaacha kupima dagaa. Akamtazama Swabra.

"Nilikunywa nyumbani kwake," Swabra akasema. "Na leo tukirudi nitakunywa tena. Karibu."

"Mguse," Kadidja akasema, akigeuza mgongo ili mtoto amkabili. "We unayejua sumu, mguse utuambie."

Mama Faridi alipangusa mkono kwenye aproni, akaupeleka pole pole mpaka shingoni mwa Yasmina, akauondoa haraka. Alikuwa amezaa watoto wengi na kuwauguza wote. Mkono wake ulijua kuliko mdomo. "Anachemka kweli," akasema. "Hii ni mvua. Wa kwangu alikuwa hivi juzi." Akatazama kushoto na kulia, akaona watu wanamtazama yeye sasa. "Na mnasimama mnahadithia nini? Endeni. Pitisheni mtoto, nyie, ondoeni mikokoteni."

Mikokoteni ikaondolewa. Si kwa mapenzi yote. Nyuma yao yule muuza ndizi alitema mate chini, na Kadidja alisikia, hakugeuka.

Mlangoni pa hospitali gari la biro likawakuta, dereva akashuka mbio. Alikuwa amefika mtaani, akaelekezwa. "Madamu Swabra, tunarudi Gitega, magari ya askari yanaondoka sasa hivi. Nimwambie nini shefu?"

"Mwambie Yasmina anaumwa, na mi nimebaki naye. Mwambie watu wanasema, na wengine hawasemi. Jumatatu nitakuwa kwenye kiti changu. Akitaka kunitoa, anitoe nikiwa nimekaa."

Dereva akasita, kama mtu aliyepewa kaa la moto abebe kwa mikono, halafu akaondoka.

Ndani kulikuwa na harufu ya dawa na nguo mbichi, na kina mama wenye watoto migongoni wamejaa mpaka ukutani. Wawili wakajisogeza, Kadidja na Swabra wakapata nafasi ya kukaa. Damu ikatolewa kidoleni, Yasmina akalia, na kilio chake kilikuwa na nguvu, ikawa afadhali. Jibu likarudi: malaria, kama ya wale wote waliokaa pale.

Muuguzi akavuta kitabu cha wagonjwa. "Mama wa mtoto?"

"Mama yake alikufa," Kadidja akasema. Akasimama wima ili kusema. "Mi ni shangazi yake. Kadidja, mjane wa Houssein mchinjaji, wa karibu na duka la Karmali. Huyo huyo unayemsikia. Andika jina lote."

Kina mama kwenye mabenchi wakageuza vichwa. Muuguzi hakuinua kichwa. Akaandika.

"Mvue sweta," akasema, "apande kwenye mizani."